Atupakisye, Aliyegeuza Theluji Ikawa Maua ya Kahawa

Ndugu Atupakisye Mwakifuna alianza kazi katika ghala la Soda Tamasha, Tukuyu, tarehe 4 Machi 1968, na anastaafu tarehe 31 Desemba 1998. Ni miaka thelathini, miezi tisa na siku ishirini na saba. Nimehesabu mwenyewe kwa kalenda, mara mbili. Katika muda huo amepaka matangazo kwenye kuta mia moja arobaini na mbili, kuanzia Tukuyu mjini hadi Kinyala na Kyimo, na hakuna hata ukuta mmoja uliorudishwa kwake kwa kosa la mkono wake. Kosa moja lilikuwepo, lakini halikuwa la mkono. Nitalifikia.

Meneja wa ghala, Ndugu Ambilikile, ndiye aliyeniomba niandike wasifu huu wa sherehe. Alisema kazi hii hufanywa na mwenzake mstaafu. Nami ni mwenzake. Nimewapikia wafanyakazi wa ghala hili chai na maandazi tangu mwaka 1974 hadi mgongo uliponikatalia mwaka juzi, na ngazi ya Atupakisye nimeishika kwa mikono yangu tangu siku ya kwanza aliyoipanda. Kwamba mimi pia ni mama yake mzazi, Ambilikile aliniomba nisilikazie sana. Sitalikazia. Nitalitaja pale panapobidi tu.

Kwanza aliajiriwa kuchambua chupa tupu, nzima huku, zenye ufa kule. Mwaka uliofuata fundi wa matangazo alikuja kutoka Mbeya kupaka ukuta wa soko, akafika nusu ya chupa, homa ikamshika, akarudishwa kwao. Chupa ile ikabaki na shingo bila tumbo wiki tatu, watu wakipita wanacheka. Siku moja saa ya chakula Atupakisye aliacha ugali wake kwenye sahani, akachukua kopo la fundi na brashi iliyokwisha kukauka, akailoweka kwenye tina ya kuyeyushia rangi, akaimalizia ile chupa. Hakuna aliyemfundisha. Mimi nilisoma hadi darasa la nne la misheni, baba yake alikuwa mchuma chai, katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kushika brashi isipokuwa ya viatu. Nilipofika sokoni na kapu langu nilisimama hadi ndizi zikanilemea. Nilitafuta mahali mkono wa fundi ulipoishia na wa mwanangu ulipoanzia. Sikupaona. Nendeni na nyinyi mkapatafute. Ukuta bado upo.

Kampuni ikampa kazi ya matangazo, na ngazi. Hapo ndipo nilipoingia mimi, kwa maana wanaume wa ghala walikataa kushika ngazi aliyopanda mwanamke. Walisema haifai kutazama juu. Nikawaambia tazameni chini basi, lakini shikeni. Wakakataa. Atupakisye akavaa suruali ya marehemu baba yake, akaikaza kwa kamba ya mkonge, mimi nikaishika ngazi. Nani mwanamke mwingine wa wilaya hii alikuwa juu ya ngazi ya kazi mwaka 1969? Kama yupo, ajitokeze leo apewe soda.

Sasa niwaeleze kuhusu rangi nyekundu, kwa sababu wengi mnaipita tu. Wilaya yetu yote ni kijani. Chai kijani, migomba kijani, mlima kijani, hata mawe yanaota kijani. Mtu wa hapa jicho lake limelala katika kijani tangu kuzaliwa. Ukiweka nyekundu moja katikati, jicho linaamka, linakwenda lenyewe bila kutumwa. Nyekundu ya Tamasha hupakwa mara tatu, na kila mkono ukauke kabla ya mwingine, na hapa kwetu mvua haikupi ruhusa. Kwa hiyo ukuta wa Krismasi Atupakisye huuanza Septemba. Kabla ya kupaka huweka shavu lake ukutani, kama mama anavyopima homa ya mtoto. Ukuta ukiwa na unyevu anasema, "Bado anaumwa," tunabeba ngazi tunarudi nyumbani. Kuna wakati tulikwenda Kinyala mara sita kwa ukuta mmoja, na mara sita ukaumwa.

Nimekaa chini ya ngazi ile nikitazama juu miaka yote hiyo, na bado sijui anafanyaje. Anapaka chupa, ni doa la rangi, basi. Kisha anachukua brashi nyembamba kuliko kijiti cha meno, anashusha mstari mmoja mweupe ubavuni, na ghafla ni kioo. Unataka kuinyakua. Nimeuona mstari ule mara mia moja arobaini na mbili, na kila mara nywele zimenisimama.

Tena aligundua jambo ambalo wakubwa wa Dar es Salaam hawakulijua. Michoro yao ilikuja na chupa zinazotoka jasho la baridi, zimelala kwenye barafu. Kule joto lipo. Lakini hapa, mtu wa Tukuyu aliyejifunga blanketi mwezi wa sita, umwonyeshe barafu? Atajifunika zaidi. Atupakisye alisema, "Mama, wao wanakunywa soda kwa kiu. Sisi tunakunywa kwa sikukuu." Kweli kabisa. Nyumba nyingi za kwetu soda ilinunuliwa siku moja kwa mwaka, Krismasi, chupa moja ikagawanywa vikombe vinne, na mtoto anakisugua kikombe chake kwa kidole hadi kiwe kikavu. Basi yeye akawa anachora siku hiyo. Wali unafuka moshi, majani ya mgomba yamefungwa mlangoni, watoto wana nguo mpya zilizo ndefu kidogo ili zivaliwe na mwakani. Na nyekundu aliigawa kwa ubahili: utepe kichwani kwa mtoto, ua moja la kitenge cha mama, kifuniko cha sufuria, halafu chupa. Jicho linaruka kutoka moja hadi jingine kama mtu anayevuka mto kwa mawe, na likifika ng'ambo linakuta Tamasha.

Miaka ya shida haikumzuia. Mwaka 1983 hapakuwa na sukari, kwa hiyo hapakuwa na soda, na rangi ndiyo kabisa. Atupakisye akachimba udongo mwekundu, akaupepeta, akauchanganya na utomvu wa mgomba, akapaka upya ukuta wa soko ili watu wasiisahau sikukuu yao. Ulipendeza siku mbili. Siku ya tatu mvua ikanyesha wakati kwaya ya kanisa letu imejibanza pale na majoho meupe. Nasema meupe kwa sababu ndivyo yalivyofika. Mwalimu wa kwaya alitaka tuyafue. Tukayafua, yakawa ya rangi ya waridi, na akina mama wa kwaya wakakataa yarudishwe meupe. Mpaka leo kwaya yetu inavaa waridi.

Nafika sasa kwenye kosa.

Mwaka 1992 kampuni iliuzwa. Tulikuwa tumezoea kampuni ya serikali. Sasa tukapata wenyewe wapya, magari mapya, na soda ikajaa hadi vijiji ambavyo havikuwahi kuiona. Mwaka wa 1993, mwezi wa kumi, lori lilileta mchoro mmoja wa Krismasi kwa nchi nzima, na barua. Barua ilisema mchoro upakwe ukutani kama ulivyo, asibadilishe mtu chochote, na, kama ilivyokuwa tangu mwanzo, mchoraji asiandike jina lake. Ilisema pia kwamba kreti zitakazoletwa Tukuyu zisipokwisha kabla ya mwaka mpya, ghala litafungwa na huduma itatoka Mbeya. Wafanyakazi walikuwa kumi na mmoja. Ambilikile alituomba tusimwambie mtu, na kufikia jioni wilaya nzima ilijua.

Mchoro wenyewe ulikuwa hivi: mlima wenye mistari mistari ya miti mifupi, yote imefunikwa na kitu cheupe. Nyumba nyeupe juu ya mapaa. Katikati mzee mnene wa kizungu mwenye ndevu nyeupe, koti jekundu, anacheka na chupa mkononi. Atupakisye ni mtu wa kutii. Aliupaka Kyimo, kwenye ukuta mkubwa wa duka la Pudensiana, na kwa ustadi wake kile cheupe kikawa cha kweli mno, ukikitazama vidole vinakufa ganzi.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Enosi, mkulima wa chai. Akavua kofia kama aliyefika msibani.

"Ya nani hii?" akauliza. "Shamba la nani limepigwa hivi?"

"Hilo si shamba, baba," Atupakisye akamjibu kutoka juu. "Ni theluji. Ni Krismasi ya Ulaya."

"Theluji ndiyo nini? Mimi naona mvua ya mawe imelala juu ya chai. Na huyu anachekelea! Chai ya watu imekwisha, yeye anakunywa soda!"

Mnajua mvua ya mawe inavyofanya kwetu. Dakika kumi, na majani uliyoyalea yamechanika kama karatasi, migomba imekuwa vitambaa. Mtu wa Kyimo akiona mlima wenye mistari umefunikwa na cheupe, haoni sikukuu; anaona mwaka wa njaa. Sisi tuliozaliwa hapa tulipaswa kuliona hilo kabla ya kufungua kopo. Hatukuliona, kwa sababu barua ilikuwa na muhuri.

Tarehe tano Desemba mvua ya mawe ilinyesha Kyimo. Ya kweli.

Sina haja ya kueleza zaidi. Watu waliacha kununua kwa Pudensiana hata chumvi. Waliosikia Kinyala nao wakaacha. Pudensiana akatundika magunia ukutani kuufunika, akaja ghalani mbio na leso imemdondoka.

"Mama Atupakisye, mwanao ameniua! Wanasema mzee wa ukutani ndiye anayeirusha!"

"Mwanangu hakuleta mawe," nikamwambia. "Mwanangu amechora vizuri tu."

"Angechora vibaya ningekuwa nauza!"

Hapo alisema kweli, na ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa mwanangu, ingawa siku ile hatukuisikia hivyo. Ghalani kreti zilipanda hadi darini. Kumi na mmoja tulizitazama kila asubuhi, na chai yangu haikumalizika.

Njia zilikuwa mbili. Kuacha ukuta ulivyo, na ghala lifungwe. Au kuubadili, na Atupakisye afukuzwe kwa kuvunja agizo, miaka mitano kabla ya kustaafu. Ambilikile hakumwambia afanye wala asifanye; alifungua stoo ya rangi, akasahau kuifunga. Namshukuru hadi leo kwa usahaulifu ule.

Tulikwenda Kyimo asubuhi. Atupakisye akashusha magunia, akakaa chini barabarani, akautazama ukuta hadi jua likawa utosini. Mimi nilidhani analia. Nyuma ya duka la Pudensiana kuna kahawa, na mwaka ule mvua zilichelewa, kahawa ikachanua Desemba. Mnajua inavyochanua: tawi zima linageuka jeupe kwa siku mbili tatu, harufu inakufuata hadi chumbani. Upepo ukaileta harufu ile barabarani. Atupakisye akageuka akaangalia miti, akageuka akaangalia ukuta.

"Mama," akasema, "nishikie ngazi. Cheupe kinatosha. Kilichokosekana ni majani."

Jamani, niliyoyaona siku zile tatu, nikifa nitakwenda nayo. Hakufuta kitu. Chini ya kila bonge jeupe aliweka majani ya kijani kibichi yenye mng'ao, na pembeni ya cheupe akachonga kwa brashi ncha ndogo ndogo, tano tano, kama petali. Saa moja nilikuwa naona mvua ya mawe. Saa iliyofuata nikaona tawi moja limechanua. Kisha la pili. Kisha lilienda mbio kuliko macho yangu, mlima wote ukachanua mbele yangu kuanzia chini kupanda juu, nikaisahau ngazi mkononi na nikasikia, naapa mbele ya wasomaji, nikasikia harufu kutoka ukutani. Pudensiana alitoka dukani akakaa juu ya kreti, mdomo wazi, hakusema neno, na Pudensiana mnamjua.

Akabaki mzee wa koti jekundu. Atupakisye akashuka akaenda hadi shambani kwa Enosi.

"Shikamoo baba. Naomba uso wako."

"Marahaba. Uso wangu umekukosea nini?"

"Nauhitaji ukutani. Yule mzungu anaondoka."

"Nikae pale mvua inyeshe, watu wanipige mawe mimi?"

"Utakaa kwenye kahawa iliyochanua, baba, na joho jekundu la sikukuu, na watoto wanakuletea vikombe."

Enosi akafikiri. "Na ndevu?"

"Ndevu unazo."

"Basi nipunguzie tumbo."

Akampunguzia. Uso ukawa wa Enosi hadi kovu la nyusi. Na tangu siku ile Enosi, yuleyule aliyevua kofia, akawa anasimama barabarani kuwavuta watu kwa mikono: "Njooni mnione! Mimi ndiye Krismasi!" Na ukimwona ukutani unafanyaje, unaondoka bila soda? Watu wakanunua Kyimo, wakaja kuona kutoka Kinyala wakanunua na wao. Hata waliopigwa na mawe walikuja. Walisema hivi ndivyo mlima wao utakavyokuwa tena.

Tarehe 23 Desemba akafika Bwana Prosper kutoka Dar es Salaam, mkuu wa matangazo, na kamera shingoni. Leo ndiye mgeni wetu rasmi, naye ameniruhusu kueleza. Alishuka garini, akautazama ukuta, akautazama mchoro mkononi, akautazama tena ukuta. Mimi niliishika ngazi ingawa hapakuwa na mtu juu yake.

"Theluji iko wapi?" akauliza.

Atupakisye alifuta mikono kwenye suruali ya baba yake. "Ilianguka hapa tarehe tano, mkuu. Tulishaiona. Tukaifagia."

"Barua ulisoma?"

"Niliisoma."

"Kwa hiyo unajua adhabu yake."

"Naijua. Naomba tu nimalizie mstari mweupe wa chupa, haijawa kioo."

Bwana Prosper akaukunja mchoro. Atupakisye akapanda, nikashika, akashusha ule mstari. Chupa ikawa kioo. Nilikuwa namtazama yule mkubwa, sikuwa natazama ukuta, na niliuona mkono wake ukiinuka wenyewe kama wa mtoto anayetaka kupokea. Akautazama mkono, akaurudisha mfukoni. Kisha Pudensiana akapiga kelele kutoka dirishani kwamba kreti zimekwisha na watu bado wamepanga mstari, sasa mkuu amekuja na lori au amekuja na kamera? Bwana Prosper akapiga picha moja, akaingia garini, akaondoka. Hatukujua kama amesamehe. Lori liliagizwa Mbeya mara mbili kabla ya sikukuu.

Barua ya kufukuzwa haikuja. Barua ya asante nayo haikuja. Ghala halikufungwa, kumi na mmoja tukala Krismasi. Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, lori likaleta mchoro mpya kwa nchi nzima. Ambilikile akaukunjua mezani, na wote tukausogelea. Mlima wa kahawa iliyochanua. Mzee mweusi wa joho jekundu, tumbo dogo, kovu kwenye nyusi. Enosi wetu alikuwa Mwanza, alikuwa Tanga, alikuwa Songea, na yeye mwenyewe hajawahi kuvuka Mbeya. Mchoro ulikuwa na jina la kiwanda cha uchapaji chini, kwa herufi ndogo. La Atupakisye halikuwepo.

Hakulalamika. Alisema, "Agizo ni agizo," akapaka Enosi upya mwaka hadi mwaka. Lakini mimi niliyekaa chini ya ngazi nimeona jambo ambalo nyinyi wa mbali hamkuliona. Kwenye kila ukuta, kona ya chini kulia, huacha nafasi ya ukubwa wa kiganja bila rangi. Nilipomuuliza alisema ni ya kupumzishia brashi. Miaka thelathini sijawahi kuona brashi ikipumzika pale.

Kwa niaba ya wafanyakazi wa ghala, wateja, na kwaya ya majoho ya waridi, ndaga fijo, asante sana, Atupakisye. Umetufanya tuione sikukuu kabla haijafika, na umefanya kazi zetu ziwepo ilipofika. Afya iwe nawe, mvua ikupishe ukitoka, na uamke asubuhi bila kupima homa ya ukuta wa mtu. Nyumbani mlango wangu haujawahi kupakwa rangi, hauna haraka.

Sherehe hii tumeomba ifanyike Kyimo, mbele ya duka la Pudensiana, Jumamosi tarehe 19 Desemba. Ambilikile ameleta kopo moja la nyekundu. Bwana Prosper amesema, mbele yangu na mbele ya Enosi, kwamba lile agizo la jina limekufa. Kwa hiyo wageni waalikwa, mkimaliza kusoma karatasi hii, geukeni mtazame ukuta, kona ya chini kulia. Ngazi haihitajiki, pako chini. Lakini nimeileta, na nitaishika.